Shajara ya Mradi: Kubadilisha Tangi la Dizeli la Land Rover Fupi, Wete

Jumamosi, 2 Agosti

Kwa zaidi ya wiki mbili nimekuwa nikiamka na kukuta doa jeusi kwenye mchanga chini ya mlango wa dereva, na kila mara nikijiambia kuwa ni oili ya giaboksi, kwa sababu oili ya giaboksi haina gharama kubwa. Jana baada ya isha niliweka bakuli la bati pale panapodondoka, nikachutama na tochi na kuhesabu matone: yalikuwa ishirini kwa dakika. Alfajiri, baada ya saa tisa, nilimimina kilichomo kwenye jagi la vipimo la jikoni (ambalo mwenye jiko amekwisha kunijulisha kuwa tangu leo ni langu) nikasoma mililita 540 za dizeli safi. Kwa mwendo huo, gari iliyosimama tu uani inakunywa karibu lita moja na nusu kwa siku.

Kwa kumbukumbu, gari yenyewe ni Land Rover ya Series III, ile fupi ya inchi 88 baina ya ekseli, yenye injini ya dizeli ya lita 2.25. Aina hii ilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985. Bodi yake ni ya aluminiamu, na ndiyo maana ukiitazama kwa mbali utadhani ni nzima. Chasisi, mabano na tangi ni vya chuma cha kawaida, na hivyo ndivyo vinavyoliwa. Tangi lina ujazo wa lita 45 na limekaa chini ya kiti cha dereva. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliitumia kubebea mwani kutoka pwani ya Micheweni, kwa hiyo chumvi imeingia kila pahala ambapo maji yanaweza kupita.

Nimesugua sabuni ya mche kwenye sehemu inayotoka majimaji. Dawa hii ya kienyeji hufanya kazi kwa siku chache, kwa kuwa sabuni haiyeyuki kwenye dizeli, lakini huyeyuka mara moja gari ikipita kwenye dimbwi.

Jumapili, 3 Agosti

Nilikwenda kwa fundi wa kuchomea ninayemwamini, nikamuuliza kama tangi laweza kuzibwa kwa kiraka. Alinijibu bila ya kuacha kazi aliyokuwa nayo mkononi: "Maalim, hilo mimi sichomei. Hata ukinilipa mara mbili." Ana haki. Watu wengi hudhani kuwa tangi la dizeli halina hatari kama la petroli, na ni kweli kwamba petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi kali, ilhali dizeli huhitaji kupata joto la nyuzi 55 hivi ndipo mvuke wake ushike moto. Lakini kazi ya moto wa gesi ni kupasha joto, na masalia ya dizeli yaliyonata kwenye kona za tangi tupu hupata joto hilo kwa dakika chache. Tangi tupu ndilo linaloua, kwa sababu ndani yake mna hewa ya kutosha kuchanganyika na mvuke.

Shauri la pili alilonipa ni kuniundia tangi jipya kwa bati alilonalo, na hapo mimi ndiye niliyekataa. Bati lenyewe lilikuwa la zinki, lile lile la mapaa. Zinki haipatani na dizeli: asidi chache zilizomo kwenye mafuta hujibizana nayo na kutengeneza utelezi mithili ya sabuni, ambao huishia kwenye chujio na kwenye nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Tangi la namna hiyo lingedumu miaka mingi bila ya kuvuja, huku likiiharibu pampu polepole.

Nimeagiza tangi lililotengenezwa tayari kutoka kwa muuza vipuri wa Dar es Salaam. Nilimtajia aina ya gari, ukubwa wa chasisi, na kwamba injini ni ya dizeli, nikamrudia mara mbili.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo tumelitoa tangi la zamani, mimi na mpwa wangu anayesoma ufundi. Kazi iliyopaswa kumalizika kwa saa mbili imechukua siku nzima, na ninaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonifundisha jambo katika mradi huu wote.

Tulianza kwa kufungua waya wa betri, kisha tukaondoa mto wa kiti na kifuniko cha bati kilicho chini yake, ambacho hufunua sehemu ya juu ya tangi pamoja na kipimia mafuta, yaani kile kifaa cha tangini kinachoipelekea habari geji ya mbele ya dereva. Dizeli iliyobaki tuliimwaga kwenye dumu kupitia nati iliyo chini ya tangi. Iliyotangulia kutoka haikuwa dizeli bali maji ya rangi ya chai, kiasi cha kikombe, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli na hukaa chini yakingoja. Tukafungua mpira wa mdomo wa kujazia, bomba la kuvuta mafuta, na bomba jembamba la kurudishia.

Bolti ndizo zilizotuweka. Gari hizi hutumia vipimo vya inchi, na fundi aliyenitangulia alitumia spana ya milimita 13 kwenye nati za nusu inchi. Tofauti baina ya vipimo hivyo viwili haifiki theluthi moja ya milimita, lakini inatosha kula pembe za nati mpaka ikawa duara kama punje ya kunde. Mbili tulizilowesha mafuta ya taa tukazigonga kidogo kidogo hadi zikaachia, mbili tulizikata kwa msumeno wa chuma, mpwa wangu akiwa amelala chali na kitambaa usoni, akilalamika kwa adabu: "Mjomba, huu mchanga wote ulikuwa wapi?"

Mchanga ulikuwa juu ya tangi. Nilikuwa nimejiandaa kukuta sehemu ya chini imeliwa na maji ya barabarani, na nilipolipindua nikakuta chini kuzima kabisa, hata rangi nyeusi ya kiwandani ipo baadhi ya pahala. Kutu yote ilikuwa juu, kwenye ukingo unaokaa juu ya bano la chasisi, na pale ndipo nilipomuona mhalifu. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alikunja kipande cha gunia mara nne na kukiweka baina ya tangi na bano ili lisigonge gari inapopita kwenye mashimo. Bila ya shaka gunia lilifanya kazi hiyo barabara, maana sikuwahi kusikia tangi likigonga. Lakini gunia hunywa maji. Kila mvua, kila dimbwi na kila mzigo wa mwani ulioacha maji ya chumvi uliliongezea kinywaji, nalo likakaa limekumbatia chuma usiku na mchana, masika na vuli. Nilipolivuta lilitoka vipande vipande likiwa bado na unyevu, ingawa hapa Wete hatujapata mvua ya maana kwa muda, na chini yake bati la tangi lilikuwa limebaki jembamba kama karatasi. Nilipolibonyeza kwa kidole gumba, kidole kilizama.

Bano lenyewe limekula kutu lakini lina uhai. Nimelipiga brashi ya waya hadi likang'ara, nikalipaka rangi nyekundu ya oksaidi mara mbili.

Jumatano, 13 Agosti

Tangi jipya limeshushwa bandarini Mkoani na kufika Wete kwa gari ya abiria, juu ya keria, baina ya godoro na tenga la kuku. Halina hata bonyeo moja. Ni tangi la gari ya petroli.

Kwa nje yote mawili ni sawasawa: umbo, mashimo ya bolti, mdomo wa kujazia na tundu la kipimia. Tofauti ni kwamba tangi la petroli lina bomba la kuvuta tu. Injini ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayoyachoma. Yanayozidi kwenye pampu na nozeli hurudi tangini kwa bomba la pili, na tangi hili halina pa kulipokelea. Muuzaji ameniambia kwa simu kwamba hayo ndiyo aliyonayo, na kwamba wateja wengine huliziba tu bomba la kurudishia. Sikuona faida ya kubishana naye. Kulirudisha kungenigharimu nauli nyingine na wiki nyingine tatu, nami nataka gari iwe tayari kabla msimu wa karafuu haujashika kasi.

Jumamosi, 16 Agosti

Fundi yule yule aliyekataa kuligusa tangi la zamani amekubali kulichomea hili bila ya wasiwasi, kwa kuwa halijawahi kutiwa mafuta. Hata hivyo alilisuuza kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kuondoa oili nyepesi ambayo viwanda hupaka ndani ili bati lisishike kutu njiani.

Tulikubaliana kwamba bomba la kurudishia liingie upande wa juu, mbali na bomba la kuvuta. Mafuta yanayorudi huja na viputo vya hewa, na yakimwagwa karibu na mdomo wa kuvutia, hewa hiyo hurudi tena kwenye injini. Kutoboa kulifanywa tangi likiwa limepinduliwa, tundu likielekea chini, na keekee imepakwa grisi nzito ili vumbi la chuma linate badala ya kuingia ndani. Baadhi liliingia vile vile. Nililitoa kwa sumaku ya spika mbovu niliyoifunga kwenye waya, na kwa kusuuza mara tatu kwa dizeli kidogo. Vumbi la chuma kwenye pampu ya dizeli, ambayo vipande vyake vya ndani hupishana kwa nafasi ndogo kuliko unywele, halisameheki.

Jumapili, 17 Agosti

Kupima uvujaji. Kijana mmoja wa gereji ya jirani alijitolea kuleta kompresa, nikamshukuru na kumzuia. Upepo wa kawaida wa tairi ni kilo mbili hivi kwa kila sentimita mraba. Uso wa tangi wenye sentimita 60 kwa 40 una sentimita mraba 2,400, kwa hiyo upepo wa tairi ungeusukuma kwa nguvu ya karibu tani tano, na bati lisilozidi unene wa kucha lingevimba kama andazi, au lingepasuka kwenye maungio.

Nilichofanya ni hiki. Niliziba matundu yote kwa vipande vya mpira wa tairi, nikaacha mawili: moja nikalifunga mpira wa pampu ya baiskeli, jingine nikalifunga mpira mwembamba wa plastiki na kuutumbukiza ncha yake ndani ya pipa la maji, kina cha sentimita 50. Kwa mpango huo upepo ndani ya tangi hauwezi kupita gramu 50 kwa sentimita mraba, kwani ukizidi tu hutokea kwa mapovu ndani ya pipa. Kwa uso ule ule hiyo ni kilo 120, mzigo ambao tangi huuhimili bila ya kulalamika. Tukapaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Maungio ya kiwandani yalinyamaza; kwenye kovu jipya la fundi kilitokea kiputo kimoja, kidogo kama jicho la dagaa, kikakua, kikapasuka, kikaanza tena. Nilimrudishia tangi jioni ile ile, naye alilikagua, akacheka, akaongeza tone moja la chuma. Nilipolipima upya, kiputo hakikutokea.

Nimelipaka rangi ya oksaidi na juu yake rangi nyeusi ya chasisi, tabaka tatu, nikizidisha kwenye ukingo wa juu ambao hakuna anayeuona.

Jumamosi, 23 Agosti

Siku ya kufunga. Badala ya gunia nimekata vipande vya mpira mgumu, kila kimoja na mifereji miwili chini yake ili maji yapite yatoke, nikaviweka kwenye bano kwa nafasi badala ya kulifunika lote. Bolti ni mpya, zimepakwa grisi, na zimekazwa kwa spana ya nusu inchi iliyo nusu inchi kweli.

Tangi liliingia kwa urahisi ulionitia shaka, na shaka ilikuwa na sababu zake. Tulitia lita 15 za dizeli, tukaanza kutoa upepo kwenye mfumo. Pampu ndogo ya kuvutia iliyo ubavuni mwa injini ina kishikio cha kusukuma kwa mkono, lakini kilikuwa kimelegea, hakisukumi chochote. Mpwa wangu alitaka kuifungua pampu. Nilimwambia aizungushe injini kidogo kwa fanibelti, kwani ikitokea kamu, yaani nundu ya mhimili wa injini inayoiendesha pampu hii, imesimama pahala pa kuisukuma pampu, kishikio hubaki bila ya kazi. Akaizungusha, kishikio kikapata uzito. Tulilegeza skrubu ya juu ya chujio hadi dizeli ikatoka bila ya povu, tukaikaza, tukahamia kwenye skrubu mbili za pampu kubwa, kisha tukalegeza nati za mabomba ya nozeli huku stata ikizunguka. Injini iliwaka kwa moshi mweupe, ikanguruma dakika moja na nusu, ikazimika.

Tulirudia mara nne, na kila mara ikatufanyia hivyo hivyo. Tulikagua kila ungio tukitafuta unyevu, na hapakuwa na hata tone, jambo ambalo lilitupoteza kwa saa nzima. Upande wa kuvuta, kutoka tangini hadi kwenye pampu ndogo, haudondoshi mafuta injini inapofanya kazi; hunyonya hewa. Tundu lake huwa kavu. Niligundua kosa kwa kuweka kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani mahali pa bomba la kuvuta, nikaona viputo vikipita kama shanga. Mpira mfupi baina ya tangi na bomba la chuma ulikuwa ule wa zamani, ambao niliuona mzuri nikauhifadhi kwa ubahili. Ulipokunjwa ulionyesha nyufa kuuzunguka wote. Nimenunua mpira mpya wa mafuta na klipu mbili. Injini iliwaka na kuendelea kunguruma mpaka nilipoizima mwenyewe wakati wa magharibi.

Jumapili, 24 Agosti

Geji ya mafuta inasema tangi ni tupu, nami najua lina lita 15. Niliuchomoa waya wa kipimia na kuugusisha kwenye chasisi kwa muda mfupi. Sindano ilipanda polepole kuelekea juu, kama kawaida ya geji hizi zinazofanya kazi kwa joto na kulishwa umeme ulioshushwa hadi volti 10. Kwa hiyo geji ni nzima na waya wake ni mzima. Kipimia nacho, nilipokitoa na kukipima, kilikuwa kizima.

Kosa lilikuwa langu. Umeme wa kipimia hurudi kwenye chasisi kupitia mwili wa tangi na bolti zake, na mimi nimelitenga tangi na chasisi kwa mipira mipya na kwa tabaka za rangi nilizojivunia. Gunia la miaka yote hiyo, likiwa limelowa maji ya chumvi na limepitiwa na bolti zenye kutu, halikuwahi kuizuia geji kusoma. Nimevuta waya wa ethi kutoka kwenye skrubu moja ya kipimia hadi kwenye chasisi, nikakwangua rangi chini ya ncha zake mbili na kuzifunika kwa grisi. Sindano ikainuka.

Jumamosi, 30 Agosti

Wiki nzima gari imekwenda kazini, na jana ilikwenda Konde na kurudi, ikipita njia ya shamba yenye mawe ambako kitu chochote kilicholegea kingejitangaza. Tangi haligongi. Usiku niliweka bakuli lile lile la bati pahala pale pale, na alfajiri nilikuta ndani yake sisimizi wawili na vumbi.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuijua geji, kwani kipimia cha zamani kwenye tangi jipya hakisemi kweli moja kwa moja. Nilimwaga mafuta yote, nikayarudisha lita tano tano, nikingoja dakika mbili kila mara hadi sindano itulie. Sindano haikuachana na mstari mwekundu mpaka lita ya kumi. Ilisimama nusu kwenye lita 25, ikafika juu kabisa kwenye lita 40, na tangi likapokea tano nyingine bila ya sindano kusogea. Nimeyaandika hayo kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha kiti, pamoja na tarehe, kipimo cha nati, na onyo kwa yeyote atakayelifungua tangi hili baadaye kwamba waya mweusi uliofungwa kwenye skrubu ya kipimia haukuwekwa kwa makosa.